Siri ya Mhunzi

Kisu ni katika vyombo vya kwanza alivyojifanyia mwanadamu, na hapana nyumba, ya tajiri wala ya fukara, isiyokuwa nacho. Kwa sababu ya wingi wake watu hawakifikirii. Hununuliwa dukani, kikatumika, kikawa butu, kikatupwa, kikanunuliwa kingine. Walakini nyuma ya chombo hicho kidogo iko historia yenye fundisho kubwa. Ni historia ya ufundi ulioachwa na biashara ukaokotwa na watu waliokuwa na kazi nyingine za kuwalisha. Watu waliofua visu jioni baada ya kutoka shambani, au mwisho wa juma, au safarini baharini, kwa kuwa mioyo yao iliipenda kazi hiyo. Habari zao zilitokea zaidi katika nchi ya Marekani katika karne ya 20. Swali linaloletwa na habari hizo ni hili: ufundi hulindwa na nani? Hulindwa na yule anayeuficha ili umpe chakula, au na yule anayeutoa kwa sababu anaupenda?

Ili kulijibu swali hilo yafaa kutazama kwanza jinsi ufundi wenyewe ulivyofikia ukingo wa kupotea. Katika nchi ya Uingereza mji uliovuma kwa visu kuliko miji mingine ni Sheffield. Sifa yake ni kongwe. Mshairi Chaucer, aliyeishi katika karne ya 14, alimtaja katika hadithi yake mtu aliyechukua kisu cha Sheffield. Mwaka 1624 mafundi wa huko walipata sheria ya Bunge iliyounda chama chao. Katika miaka ya 1740 Benjamin Huntsman alivumbua huko njia ya kuyeyusha pua katika vyungu vya udongo, na mji ukazidi kupata mali. Lakini kadiri biashara ilivyokua ndivyo kazi ilivyokatwa vipande. Mtu mmoja alifua bapa, wa pili alilisaga juu ya jiwe la cherehe, wa tatu alilitia mpini. Kila mmoja alikuwa bingwa wa sehemu yake, lakini kisu kizima hakikuwa cha mtu. Msagaji aliinama kutwa juu ya jiwe linalozunguka, akavuta vumbi la mawe na chuma mpaka mapafu yakaharibika, na wengi walikufa kabla ya kuuona uzee. Mashine zilipokuja kuchukua nafasi ya mikono, kisu kikawa rahisi kwa mnunuzi, na hilo lilikuwa jambo la heri; lakini mtu aliyejua kazi yote, toka kipande cha chuma mpaka ala, akawa adimu.

Marekani ilikuwa mnunuzi mkubwa wa visu vya Sheffield, na kisu kimoja kilipata jina kubwa huko. Tarehe 19 Septemba 1827 palitokea ugomvi katika fungu la mchanga la mto Mississippi, karibu na mji wa Natchez. James Bowie alipigwa risasi na kuchomwa, lakini alijitetea kwa kisu kikubwa na kumwua mpinzani wake. Habari ile ilienea katika magazeti, na kila kijana akatamani kisu kama kile. Bowie mwenyewe aliuawa katika vita vya Alamo tarehe 6 Machi 1836. Jina lake likabaki juu ya visu, na viwanda vya Sheffield havikuchelewa kuvitengeneza kwa wingi na kuvivusha bahari.

Yasimuliwa kuwa kimoja katika visu vya Bowie kilifuliwa na mhunzi aitwaye James Black katika mji mdogo wa Washington, jimbo la Arkansas, takribani mwaka 1830. Wanahistoria hawakubaliani juu ya jambo hilo, na sehemu kubwa ya habari za Black zatokana na kumbukumbu za mtu mmoja, Daniel Webster Jones, aliyekuja kuwa gavana wa jimbo hilo mwaka 1897. Kwa mujibu wa masimulizi yake, Black alijua njia ya kuipa pua ugumu usiokuwa na mfano, na kazi hiyo aliifanya nyuma ya pazia ili asionekane na mtu. Baadaye akapoteza macho yake, na jamaa ya Jones ikamtunza kwa miaka mingi. Mwaka 1870 mzee yule alimwita Jones ampe siri yake kama shukrani kwa wema aliotendewa. Jones akashika kalamu na karatasi. Black akafikiri, akafikiri tena, akajaribu kuanza, akashindwa. Siri ilikuwa imemtoka kichwani. Alilia kama mtoto, kwa kuwa alikuwa ameiweka kwa muda mrefu kupita kiasi. Alifariki mwaka 1872.

Hata kama masimulizi hayo yametiwa chumvi, maana yake ni ya kweli. Wahenga walisema: mficha uchi hazai. Mali iliyofichwa ardhini yaweza kuchimbuliwa na wajukuu, lakini elimu iliyofichwa kichwani huzikwa pamoja na mwenyewe. Siri ilimpa Black heshima alipokuwa hai. Haikumpa mwanafunzi hata mmoja wa kuikumbuka alipoisahau.

Karne ya 20 ilipoanza, wafuaji wa visu kwa mikono walikuwa wamebaki wachache katika Marekani. Mmoja wao alikuwa William Scagel wa jimbo la Michigan, mtu wa pekee aliyependa upweke, aliyefua visu vyenye mipini ya ngozi iliyopangwa safu juu ya safu na kumalizwa kwa pembe ya kulungu. Scagel hakuanzisha shule wala hakuandika kitabu. Ufundi wake ungaliweza kufa pamoja naye mwaka 1963, lau si tukio dogo lililotokea karibu na ziwa la Walloon, katika jimbo hilo hilo la Michigan, mwaka 1937.

Mtu mmoja alikuwa akikwangua rangi kuukuu ya mashua kwa kisu. Kazi kama hiyo huua makali ya kisu cha kawaida kwa dakika chache. Walter Doane Randall, mkulima wa machungwa kutoka Orlando, Florida, alisimama akatazama, akaona ajabu: makali hayakuharibika. Akakinunua kisu kile, akajua kuwa kimefuliwa na Scagel. Aliporudi kwake alijaribu kufua cha kwake. Hakuwa mhunzi, wala hakuhitaji fedha za visu, maana machungwa yalimtosha. Aliingia kazini kwa udadisi, na udadisi ukageuka mapenzi. Vita Kuu ya Pili ilipofika, askari mmoja alimwomba kisu cha kwenda nacho vitani. Wenzake wakakiona, magazeti yakaandika, na barua zikaanza kumiminika Orlando. Mchezo wa mkulima ukawa karakana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 visu vya Randall vilichukuliwa na wanaanga wa kwanza wa Marekani. Mwezi Julai 1961 chombo cha Gus Grissom kilichoitwa Liberty Bell 7 kilizama baharini baada ya kurudi toka angani. Mwenyewe aliokolewa, lakini kisu chake kilikwenda chini pamoja na chombo. Kilipoinuliwa mwezi Julai 1999, kutoka kina cha zaidi ya mita 4,500, kisu kilikutwa ndani. Safari iliyoanza kwa mtu kukwangua mashua ilifika angani na vilindini.

Mapenzi ya namna hii huambukizana. Mwaka 1954 baharia kijana aitwaye Robert Loveless alikwenda katika duka la Abercrombie & Fitch kununua kisu cha Randall. Akaambiwa angoje miezi tisa. Hakungoja. Katika uwanja wa magari mabovu huko Newark, New Jersey, alipata springi ya gari la Packard la mwaka 1937, akaichukua melini, akaitia moto katika jiko la mpishi, akajifanyia kisu. Baadaye duka lile lile likawa linauza visu vyake. Hadi alipofariki mwaka 2010 Loveless alikuwa ametajwa na wengi kuwa fundi aliyebadili umbo la kisu cha mwindaji katika zama zake, na bapa lake lenye mgongo ulioteremka taratibu kuelekea nchani limeigwa na mafundi na viwanda pande nyingi za dunia. Scagel alimwamsha Randall bila kukusudia. Randall akamwamsha Loveless kwa kumchelewesha.

Hapa yafaa kueleza kazi yenyewe, maana bila ya kuijua mtu hawezi kufahamu kwa nini biashara iliikimbia. Pua ni chuma kilichochanganywa na kiasi kidogo cha kaboni. Pua ya kisu aghalabu huwa na kaboni kati ya nusu na moja katika mia. Mafundi wa visu wana njia mbili. Wengine, kama Loveless katika ukubwa wake, huchukua bamba la pua wakalikata na kulisaga mpaka umbo litokee. Wengine huipasha pua moto hata iwake kama chungwa, wakaivuta kwa nyundo juu ya fuawe. Njia hizi mbili zimeleta ubishi mwingi, lakini mwisho wake hukutana mahali pamoja, nako ni kwenye moto wa kukazia. Bapa hupashwa mpaka sumaku isilivute tena, yaani karibu nyuzi 770 za Selsiasi, likapashwa zaidi kidogo, kisha likachovywa katika mafuta. Hapo huwa gumu, na ugumu wake ni kama wa kioo: likianguka laweza kuvunjika. Kwa hiyo hurudishwa katika joto dogo la nyuzi 200 hivi, mpaka uso wake uliosuguliwa ugeuke rangi ya majani makavu. Joto likipungua, kisu kitapasuka. Likizidi, makali yatalala. Baadaye huja tupa, vinoo vya daraja mbalimbali, mpini wa kuchongwa na kufungwa kwenye msuka, na ala ya kushonwa.

Katika safari hiyo fundi aweza kupoteza kila kitu kwa nukta moja. Akichovya bapa lenye ufa usioonekana, atasikia mlio mwembamba ndani ya mafuta, na kazi ya siku nyingi imekwisha. Mwenye kiwanda akihesabu saa hizo na hasara hizo ataona kuwa kisu hakilipi. Anayefua kwa mapenzi hazihesabu saa. Ana uhuru asiokuwa nao mchuuzi: uhuru wa kukosea, kutupa, na kuanza tena, bila ya watoto kulala na njaa. Ndiyo sababu maarifa yaliyotupwa na soko yaliweza kupata hifadhi katika vibanda vya nyuma ya nyumba za wakulima na mabaharia.

Mtu aliyeifanya hifadhi hiyo kuwa shule ni William Francis Moran. Alizaliwa mwaka 1925 katika shamba la ng'ombe wa maziwa karibu na Lime Kiln, jimbo la Maryland, akaanza kufanya visu angali mtoto, kwa vyuma vya misumeno mikuukuu. Namna ya kukaza pua alijifunza mwenyewe kwa kujaribu na kuharibu. Kwa miaka mingi shamba ndilo lililomlisha na visu ndivyo vilivyomfurahisha. Hatimaye, miaka ya 1950 ikielekea ukingoni, aliacha shamba akashika nyundo moja kwa moja.

Moran alitamani kufufua pua yenye mistari kama maji yanayotiririka, ambayo watu wa Magharibi huiita ya Dameski. Alipanga vipande vya pua na vya chuma laini, akavitia moto, akaviunganisha kwa nyundo, akakunja, akafua tena. Hesabu ya kazi hiyo ni ya kushangaza: kipande kimoja kikikunjwa mara 9 huwa na matabaka 512. Mwishoni asidi hula tabaka moja kuliko jingine, na mistari hujitokeza. Mwaka 1973 alivipeleka visu hivyo kwenye maonyesho ya chama cha mafundi wa visu kilichoundwa mwaka 1970. Watu wakastaajabu. Fundi mwingine katika hali hiyo angalivuta pazia kama Black, akauza siri yake kwa bei aitakayo. Moran alikuja na vijitabu vyenye maelezo ya kazi ile, akavigawa bure, na kuwahimiza wenzake wajaribu. Tangu siku hiyo pua ya matabaka ikaenea katika karakana za dunia nzima.

Haki yataka isemwe kuwa pua ya Moran siyo ile iliyowapa mapanga ya Mashariki sifa yao. Ile ya kale iliyeyushwa katika vyungu vidogo huko India Kusini na Sri Lanka, na mistari yake ilizaliwa ndani ya pua yenyewe, siyo kwa kukunjwa. Sifa ya wahunzi wa India ilijulikana mpaka pwani ya Afrika Mashariki: mwanajiografia al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1154, alisimulia kuwa chuma cha Sofala kilinunuliwa na kupelekwa India, ambako kilifuliwa panga bora. Waswahili nao walikuwa na neno feleji kwa pua ya panga iliyo bora. Lakini elimu ya vyungu vile ilififia, na karne ya 19 ilipokwisha mapanga yalikuwapo katika majumba ya makumbusho, na mtu wa kuyafanya hakuwapo. Aliyesaidia kuirudisha hakuwa mwana wa kiwanda. Alfred Pendray wa Florida alikuwa mtu wa kupigilia farasi viatu, naye alishirikiana na John Verhoeven, profesa wa Chuo Kikuu cha Iowa State. Katika miaka ya 1990 walionyesha kuwa uchache wa madini kama vanadi ndani ya chuma ndio unaosaidia mistari kujipanga. Yamkini wahunzi wa kale hawakujua sababu hiyo. Walijua tu kwamba chuma cha mahali fulani hutii na cha mahali pengine hakitii. Wawili hao nao walichapisha waliyoyagundua, kila atakaye ayasome.

Mwaka 1976 Moran na wenzake waliunda chama cha wafuaji wa visu cha Marekani, na wakaweka mtihani. Mwombaji huleta kisu alichokifua mwenyewe. Kwanza hukata kwa pigo moja kamba ya unene wa inchi moja inayoning'inia. Pili hukata mbao mbili za inchi 2 kwa 4. Tatu, makali yale yale, bila kunolewa tena, lazima yanyoe nywele za mkono. Mwisho bapa hubanwa katika jiriwa na kupindwa mpaka nyuzi 90, wala lisivunjike. Mtihani huu una hekima ndani yake. Kisu kilichofaulu kimepindika, hakifai tena kuuzwa wala kutundikwa ukutani. Kinachobaki mkononi mwa fundi ni ujuzi peke yake, na ujuzi ndio uliokuwa ukitafutwa.

Haifai lakini kudhani kuwa njia ya mapenzi haina miiba. Starehe ikisifiwa sana hugeuka utumwa. Randall aliyeanza kwa kujifurahisha alijikuta na wafanyakazi na wateja wanaongoja kwa miaka. Moran naye maagizo yalimzidi. Tena ukarimu una gharama yake. Siri iliyotolewa bure mwaka 1973 leo hutumiwa pia na wachuuzi wanaojaza masoko mabapa ya bei ndogo, yenye mistari mizuri na makali mabaya. Mwenye kupenda siri aweza kusema: tazameni, mmetupa lulu njiani.

Jibu la hoja hiyo liko katika hesabu rahisi. Ubaya wa kisu hafifu humpata aliyekinunua, na huonekana siku ya kwanza ya kukata kamba. Ubaya wa elimu iliyopotea huwapata wote, na huenda usionekane kwa vizazi. Kwa kila mchuuzi aliyeiga mistari bila makali, wapo wafuaji katika nchi nyingi, walimu, maseremala, madaktari, wastaafu, ambao wasingaliweza kuanza kama wangengoja kurithi siri ya baba. Mwaka 2015 televisheni ya Marekani ilipoanza kuonyesha mashindano ya kufua visu, wengi walioshindana walikuwa watu wa namna hiyo. Elimu ni mali isiyopungua kwa kugawanywa; fedha peke yake ndiyo hupungua.

Mwaka 1988 chama cha Moran kilifungua shule ya kufua visu. Hawakuiweka katika jiji kubwa. Waliiweka Washington, Arkansas, mji ule ule mdogo alimoketi James Black akilia mbele ya karatasi tupu. Moran alifariki mwaka 2006. Mwaka 2020 chuo cha jimbo hilo kilifungua mjini humo shule ya uhunzi na ufundi wa kale, nayo ikapewa jina la James Black. Vijana wa kike na wa kiume hufundishwa huko namna ya kuwasha tanuri, kusoma rangi ya pua, na kuchovya bapa katika mafuta. Siri ya mzee yule haikurudi, wala hapana ajuaye kama ilikuwa kubwa au ndogo. Jina lake limerudi, na limewekwa juu ya mlango ulio wazi.